Shajara ya tuisheni: nchi sita na mpwa mmoja

Jumapili, 12 Januari 2025

Dada alinipigia jana usiku nikiwa ndani ya basi, natoka zamu ya ghalani. "Kakangu, si wewe uliyekuwa ukifundisha Historia na Serikali kule nyumbani? Basi njoo, mpwao anazama."

Mpwa wangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Columbus, Ohio. Mwezi wa tano atafanya mtihani wa AP wa Siasa Linganishi. Hii mitihani ya AP hutungwa na College Board, na mwanafunzi wa sekondari hupimwa kwa kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo. Mwalimu wao aliacha kazi kabla ya likizo ya Desemba. Aliyeletwa kushika nafasi huwawekea video, yeye akakaa nyuma na simu yake. Ada ya mtihani, karibu dola 100, ilishalipwa tangu Novemba, kwa hivyo kurudi nyuma hakuna.

Kabla ya kunikumbuka mimi, dada alijaribu mwalimu wa kulipwa wa mtandaoni, dola 60 kwa saa. Vikao viwili, dola 120. Mpwa wangu anasema alisomewa slaidi kwa sauti, slaidi ambazo angeweza kujisomea mwenyewe. Maktaba ya mtaani ina meza ya kuwasaidia wanafunzi baada ya shule, na ni bure, lakini pale wapo wa hesabu na wa kusoma. Wa siasa za Iran hakupatikana.

Dada anataka alama 4 kati ya 5. Mimi, bila kumwambia, nimeweka nia kwenye 3. Ohio inavitaka vyuo vikuu vyake vya umma vitoe krediti (mwanafunzi ahesabiwe somo la chuo kama amekwisha kulisoma) kwa alama 3 kwenda juu, na kila krediti ni karo ambayo hailipwi tena.

Nilipokuwa nikifundisha Mombasa tulilazimishwa kujaza rekodi ya kazi kila wiki, nami nilikuwa najaza uongo Ijumaa mchana ili niwahi msikiti. Hii nitajaribu kuijaza kweli.

Jumapili, 19 Januari

Leo hatukusoma chochote. Nilichapisha maswali ya miaka ya nyuma, nikaweka saa mezani, nikamwambia afanye kama ndiyo siku yenyewe.

Mtihani una sehemu mbili. Ya kwanza ni maswali 55 ya kuchagua, dakika 60, nusu ya alama zote. Ya pili ni maswali manne ya kuandika, dakika 90: la dhana, la takwimu, la kulinganisha nchi mbili, na insha ya hoja. Nchi zinazotahiniwa ni sita tu: Uingereza, Urusi, China, Iran, Mexico na Nigeria. Huwezi kuleta nyingine.

Matokeo: 24 kati ya 55. Kwenye kuandika, kati ya pointi 19 (4 za dhana, 5 za takwimu, 5 za kulinganisha, 5 za insha) nilimpa 5, na moja ilikuwa ya huruma.

Nilidhani tatizo litakuwa majina na tarehe. Sivyo. Majina anayajua, pengine kuliko mimi. Kinachomwangusha ni maneno matatu ya sura ya kwanza kabisa, ambayo kitabu chake kinayatenganisha na yeye anayachanganya: dola (nchi yenyewe, si pesa), utawala na serikali. Nikamwambia simlaumu, kwa sababu hata sisi nyumbani tunayachanganya. Serikali kwetu ni neno la kubeba kila kitu. Chifu ni serikali, polisi ni serikali, na mlango wa ofisi ya ardhi uliofungwa saa nne asubuhi nao ni serikali.

Tukakaa na hayo maneno saa nzima. Julai 2024 Uingereza, waziri mkuu Sunak akatoka na Starmer akaingia: serikali imebadilika, utawala ni ule ule. Iran 1979, mfalme, yaani Shah, akaondoka na Jamhuri ya Kiislamu ikaja: utawala umebadilika, yaani kanuni zenyewe za nani ashike madaraka na kwa njia gani, lakini dola ya Iran imebaki na mipaka yake na watu wake. Umoja wa Kisovieti 1991: dola yenyewe imevunjika. Nilipofika hapo akainua kichwa. "Kumbe ni kama tabaka tatu." Nikamwambia aandike hivyo hivyo, kwa maneno yake, kwenye kadi.

Kadi ya kwanza ya mradi huu ikaandikwa. Imechanganya Kiswahili na Kiingereza na ina doa la chai.

Jumapili, 26 Januari

Somo zuri sana. Tulizungumza mifumo ya uchaguzi, tukaingia Nigeria, na kwa kuwa Nigeria inamtaka rais awe na kura zilizotawanyika nchini, nikamweleza tulikotoka sisi Kenya na ile robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane, kuanzia uchaguzi wa 1992, halafu Katiba ya 2010 na kaunti 47. Dakika tisini zikapita kama kumi. Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Jumapili, 2 Februari

Theluji, na ghalani wametuongezea saa. Hakuna somo.

Jumapili, 9 Februari

Futa nilichoandika tarehe 26.

Mpwa wangu alikuja na mwanafunzi mwenzake, kijana ambaye wazazi wake ni Wanigeria. Na yeye amekwama na mwalimu yule yule wa video, na mamake ameomba tuwe naye. Tukaanza kwa marudio. Nikauliza: rais wa Nigeria hushinda vipi? Mpwa wangu akajibu bila kusita: nusu ya kura na moja zaidi, pamoja na robo ya kura katika theluthi mbili za majimbo.

Kijana akacheka, halafu akaona aibu ya kumcheka mtu mbele ya mjomba wake. "Hapana, Anko. Hakuna nusu. Tinubu alishinda 2023 na asilimia 37."

Kweli. Nigeria inataka uwe na kura nyingi kuliko wenzako, basi, na angalau 25% katika theluthi mbili za majimbo 36. Hiyo nusu na moja ni ya Kenya, pamoja na 25% katika angalau nusu ya kaunti. Nilikuwa nimemsimulia ya kwetu kwa utamu mpaka yakamwagikia Nigeria. Mpwa wangu aliandika kosa langu kwenye kadi kwa wino wa bluu, kwa mwandiko mzuri kabisa. Nimelikata kwa wino mwekundu mwenyewe.

Kijana akaendelea kutueleza ubishi wa Abuja: wapinzani walidai mahakamani kwamba mshindi lazima apate robo ya kura katika mji mkuu pia, na Tinubu hakuipata, na Mahakama ya Juu ikasema Abuja haina cheo cha pekee. Alieleza vizuri kuliko kitabu. Nikampa swali la dhana la dakika kumi ambalo sehemu yake ya kwanza inataka fasili ya shirikisho. Akaandika ukurasa na nusu juu ya Boko Haram. Pointi sifuri. Fasili haikuwemo.

Basi huyu anaijua nchi na hajibu swali, na yule hujibu swali ila nimemjaza nchi isiyo yake. Nikitembea kwenda kituo cha basi, baridi inakata masikio, nikawa nafikiria yule wa dola 60. Alisoma slaidi, lakini angalau slaidi zilikuwa sahihi.

Jumapili, 16 Februari

Wiki hii sikugusa nchi yoyote. Niligusa mwongozo wa kusahihishia.

College Board huweka wazi maswali ya kuandika ya miaka iliyopita, mwongozo wake wa kusahihishia, na majibu halisi ya wanafunzi pamoja na pointi walizopewa. Vyote bure. Nilivisoma kwa usiku tatu nilizokuwa mapumzikoni na nikajiona mjinga, maana kila kitu kiko mle. Swali huanza na kitenzi, na kila kitenzi kina bei yake. Ukiambiwa *taja*, sentensi moja yatosha. *Fasili*, toa maana ambayo ingefaa nchi yoyote, usianze na mfano. *Eleza sifa*, onyesha kitu kilivyo. *Fafanua kwa nini*, hapo lazima sababu ifungwe na matokeo. Bila "kwa sababu" au "hivyo" ndani ya sentensi, msahihishaji hana cha kukupa. Wengi hupoteza pointi hapo, wakieleza kitu kilivyo badala ya kwa nini kiko hivyo.

Tuliweka zoezi dogo. Nawapa swali, hawaruhusiwi kujibu. Wanapigia mstari vitenzi na kusema kila kimoja kinadai nini. Maswali kumi na mawili kwa saa moja. Walichoka, mimi nilichoka zaidi.

Jambo la pili: niliwasha kipima muda cha simu kila nilipofungua mdomo. Kati ya dakika 75, nilizungumza 48. Mpwa wangu alipoona hiyo namba akasema, kwa adabu zake zote, "Mjomba, wewe ni kama redio." Lengo la wiki ijayo: nisipite 25.

Jumapili, 23 Februari

Dakika 31. Naendelea.

Mexico. Kadi zilienda haraka kwa sababu ni nchi ya namba safi: rais miaka sita, mara moja tu, harudi, bunge la chini viti 500, ambapo 300 ni vya majimbo na 200 vya uwiano wa kura za vyama, chama cha PRI madarakani tangu 1929 hadi kiliposhindwa 2000. Kikwazo kikatokea kwa majaji. Kitabu cha shule kinasema majaji wakuu huteuliwa. Mpwa wangu alikuwa amesikia kwenye habari kwamba watachaguliwa kwa kura. Wote wawili wako sawa, kila mmoja na wakati wake: Septemba 2024 katiba ilibadilishwa, na kura ya kwanza ya majaji ni Juni mwaka huu, yaani baada ya mtihani. Tumekubaliana kwamba akitumia jambo jipya aandike na mwaka wake, ili msahihishaji aone anajua anachosema.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeingia jana. Tumehamisha somo baada ya futari. Jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu, tunaanza saa mbili kasoro. Yule kijana si Mwislamu lakini hakosi futari ya dada yangu. Kaimati zimemwingia.

Swali la takwimu. Hili nililidharau, nikidhani mtu yeyote anaweza kusoma jedwali. Kumbe mtego hauko kwenye hesabu, uko kwenye mwelekeo wa kipimo. Faharasa ya mitazamo ya ufisadi ya Transparency International huenda 0 hadi 100, na 100 ni nchi *safi*. Jina linasema ufisadi, kwa hivyo mpwa wangu aliona namba kubwa akaandika "ufisadi mkubwa". Jibu lote likageuka kichwa chini. Kipimo cha Gini nacho ni kinyume: kikipanda, pengo la mapato limepanuka. Cha Freedom House, kile cha 0 hadi 100, kikipanda uhuru umeongezeka. Vipimo vitatu, na viwili kati yake alivisoma nyuma mbele.

Tiba ni ya kizamani. Kabla ya kuandika neno lolote, achore mshale pembeni ya jedwali na juu yake aandike "huku kuzuri". Sekunde tano.

Halafu sehemu ya mwisho ya swali hilo humtaka aseme takwimu zinaonyesha nini kuhusu dhana fulani. Alipenda kusema kitu kimoja *kimesababisha* kingine kwa kuwa vimepanda pamoja. Nikamuuliza: Ramadhani hii tende zimepanda bei na siku zimerefuka. Tende zinarefusha siku? Akaona.

Jumapili, 9 Machi

Saa zimesogezwa mbele usiku. Sasa futari ni saa moja na nusu, na shule kesho asubuhi. Tulifanya maswali 20 ya kuchagua tu, tukaachana. Alipata 14.

Jumapili, 16 Machi

Hii nataka niiandike yote.

Kila Jumapili mpwa wangu humpigia bibi yake Mombasa. Kwetu saa tano asubuhi, kule saa kumi na mbili jioni, Bibi amekaa barazani anangoja adhana. Leo nilimwambia: mweleze Bibi jinsi Iran inavyompata Kiongozi Mkuu. Kwa Kiswahili. Kiswahili chake si kibaya, lakini ni cha jikoni na cha salamu, hajawahi kubeba nacho katiba.

Akaanza kwa shida. Akasema kuna rais, anachaguliwa na watu kila miaka minne, lakini juu yake kuna Kiongozi Mkuu. Bibi akauliza huyo rais yeyote anaweza kugombea? Hapana, kuna Baraza la Kulinda Katiba, watu 12, linachuja. 2024, baada ya Rais Ebrahim Raisi kufa kwenye ajali ya helikopta, walijiandikisha watu 80, wakapitishwa 6.

"Sita!" Bibi akasema. "Na hao wachujaji nani kawaweka?"

Sita ni wanazuoni, wanateuliwa na Kiongozi Mkuu. Sita wengine ni wanasheria. Mkuu wa mahakama anapeleka majina, bunge linawapigia kura.

"Mkuu wa mahakama nani kamweka?"

"Kiongozi Mkuu."

"Na Kiongozi Mkuu mwenyewe?"

Baraza la Wataalamu. Watu 88, wanachaguliwa na wananchi, miaka minane.

"Haya, hapo pana afadhali. Na hao 88 wanachujwa na nani wakigombea?"

Mpwa wangu akanyamaza. Akanitazama. Nami nilikuwa nimejiapiza kutofungua mdomo. Akatazama dari. Halafu, taratibu: "Na lile Baraza la Kulinda Katiba."

Bibi akacheka mpaka simu ikatetemeka. "Kwa hivyo mwenye nyumba kamweka bawabu, na bawabu ndiye anayeamua nani aingie kumchagua mwenye nyumba."

Nimefundisha miaka tisa na sijawahi kulisema jambo hilo vizuri hivyo. Mpwa wangu aliliandika nyuma ya kadi ya Iran neno kwa neno, na chini yake, kwa Kiingereza cha mtihani, vyeo vyote na nani anamteua nani. Adhana ikaingia Mombasa, Bibi akakata simu bila kuaga.

Muda wangu wa kusema leo: dakika 9.

Kuanzia sasa kila nchi lazima ipite kwa Bibi. China wiki ijayo.

Jumapili, 23 Machi

China kwa Bibi haikwenda vizuri kama Iran. Chama na dola zilimchanganya, na mpwa wangu naye akachanganyikiwa naye. Katibu mkuu wa chama ni mtu yule yule rais wa nchi, lakini madaraka yako kwenye kile cheo cha chama. Ukomo wa mihula miwili ulioondolewa 2018 ulikuwa wa urais. Tulirudia mara tatu. Kisha hukou, ule usajili wa makazi unaomfanya mtu wa shamba aliyehamia mjini akose huduma ambazo mzaliwa wa mji anazipata. Nilitaka sana kuleta habari za kipande cha wakoloni, kile kitambulisho cha lazima. Nikauma ulimi. Bibi akakileta mwenyewe, alimwona babake amekivaa shingoni. Sikumzuia; nani atamzuia.

Jumapili, 30 Machi

Idi. Tumeswali, tumekula, hatukusoma.

Jumapili, 6 Aprili

Mtihani wa majaribio kamili, wote wawili, meza ya dada, simu zote ndani ya sufuria lenye mfuniko.

Mpwa wangu: 38 kati ya 55, na 11 kati ya 19. Kijana: 41, na 9.

Kwenye kuchagua wametoka mbali. Pointi zinavuja kwenye swali la kulinganisha. Walitakiwa kulinganisha namna wabunge wanavyopatikana katika nchi mbili. Mpwa wangu alichagua Uingereza na Urusi, na kila alichosema ni sahihi. Uingereza viti 650, kila jimbo mshindi mmoja, mwenye kura nyingi hata kama nusu hakufika. Ndiyo maana Julai 2024 chama cha Labour kilipata kama theluthi moja ya kura na viti 411, na chama cha Reform kikapata 14% ya kura na viti vitano. Urusi, bunge la chini (Duma) viti 450, nusu vya majimbo na nusu vya orodha za vyama, na chama kisichofika 5% hakipati kiti cha orodha. Vizuri sana. Lakini aliandika aya nzima ya Uingereza, kisha aya nzima ya Urusi, kama abiria wawili waliokaa kiti kimoja cha matatu mpaka Malindi bila kusalimiana. Hakuna sentensi hata moja iliyozigusa nchi zote mbili. Mwongozo hautoi pointi hapo.

Zoezi la wiki: sentensi ishirini, kila moja iwe na nchi mbili na neno "ilhali" katikati. Anaandika kwa Kiingereza lakini hilo neno tumeliacha kwa Kiswahili kwenye rasimu, ili likikosekana lionekane.

Jumapili, 13 Aprili

Insha ya hoja, dakika 40, pointi 5. Moja ya msimamo, mbili za ushahidi, moja ya kuunganisha ushahidi na msimamo, moja ya kujibu mtazamo wa upande wa pili. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Wanafunzi huandika "wengine wanapinga, lakini wamekosea," na kuendelea. Hiyo si kujibu.

Nilitunga swali: je, uchaguzi huupa utawala wa kimabavu uhalali? Mpwa wangu akasema ndiyo, akaleta Urusi na Iran. Nikamwuliza mtu mwerevu wa upande wa pili angesema nini. Akafikiri, akapekua kadi. Akarudi na ile duru ya kwanza ya Iran Juni 2024: waliopiga kura hawakufika 40%, kiwango kidogo kuliko uchaguzi wowote wa rais tangu mapinduzi. Kama uchaguzi unaleta uhalali, watu wakisusa si unaanika ukosefu wake hadharani? "Mjomba, hii inaua insha yangu."

Haikuiua. Aliibadili kidogo: uchaguzi huupa utawala uhalali mradi watu wajitokeze, na ndiyo sababu watawala hao huhangaikia sana idadi ya wapiga kura. Nikampa pointi zote tano na sikumwonea huruma popote.

Kijana aliandika kwamba Mahakama ya Juu ya Uingereza inaweza kufuta sheria ya bunge. Haiwezi, bunge pale ndilo lenye kauli ya mwisho. Alikuwa anafikiria Marekani. Kila mtu ana Kenya yake.

Jumapili, 27 Aprili

Mwaka huu mtihani wote unafanywa kwenye kompyuta, kwa programu iitwayo Bluebook. Tumefanya jaribio ndani yake. Mshale wa "huku kuzuri" sasa unachorwa kwenye karatasi ya rafu. Kuchapa insha kunamfaa yeye. Kijana anachapa kwa vidole viwili, tumempa mazoezi ya kuchapa badala ya siasa.

Alama za mwisho za majaribio: mpwa 43 na 14, kijana 44 na 13.

Jumapili, 4 Mei

Hakuna kipya. Kila mmoja alipitia kadi zake mwenyewe, kimya, mimi nikaosha vyombo. Niliwaambia dakika tu za yale maswali manne ya kuandika: 10, 20, 20, 40. Wakizimaliza za swali, waende mbele.

Mei, siku ya mtihani

Nilimchukua shuleni. Maswali ya kuchagua hawaruhusiwi kuyazungumza na mtu, basi sikuuliza. Ndani ya basi akasema kitu kimoja tu: ameandika "ilhali" kwa Kiswahili mara moja, akashtuka, akafuta.

Julai

Matokeo. Mpwa wangu 4. Kijana 4. Dada ameniletea kaimati na kuniambia alijua tangu mwanzo. Sikumwambia kuhusu ile 3 yangu.

Kadi tumezifunga kwa mpira, 112 kwa jumla, anapewa binti wa jirani anayeanza somo hilo Agosti. Nilitaka kuiandika upya ile ya Nigeria, ina mikato yangu myekundu na mtu ataona. Mpwa wangu akainyakua akairudisha katikati ya fungu.